Nta Upande Huu, Rangi Upande Ule

Mwaka ule vyama vingi viliporudi, Makongeni yote ilishikwa na homa ya uchaguzi. Wazee waliokuwa wakicheza drafti nje ya nyumba za reli miaka nenda miaka rudi bila kumsumbua mtu walijichagulia mwenyekiti, makamu na mweka hazina, na tangu siku hiyo drafti haikuchezwa tena kwa kuwa mkutano haukuisha. Bomba la maji likapata kamati. Watu wa choo cha pamoja nao walikaribia kuunda yao, ila shughuli za pale hazingoji kikao.

Kwa hivyo si ajabu homa hiyo ilifika hata kwenye sufuria ya nta ya Mbinya na Khalayi. Ajabu ni kwamba ilichelewa.

Mbinya alikuwa mke wa Muoki, karani wa stoo ya reli. Khalayi alikuwa mke wa Wanyonyi, fundi wa karakana ya reli hiyo hiyo. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba kiasi kwamba Muoki akikohoa, Wanyonyi alimwambia pole kutoka upande wa pili. Mtaani Mbinya aliitwa Mama Kavinya na Khalayi aliitwa Mama Lorine, kama ilivyo desturi ya mwanamke kuliacha jina lake hospitalini siku ya kujifungua. Wao wawili tu ndio walioitana Mbinya na Khalayi. Mbinya hakuwahi kumwambia mtu, lakini alipenda kulisikia jina lake likitoka kwenye kinywa kile.

Batiki walifundishwa na mtawa mmoja pale ukumbi wa kanisa. Mtawa akahamishwa, wanafunzi wake wengine wakarudi kwenye kufuma vitambaa vya makochi, lakini hawa wawili wakaendelea. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kazi mkononi. Khalayi alikuwa mtu wa nta. Aliyeyusha mishumaa pamoja na nta ya nyuki ambayo kaka yake Mbinya aliileta kutoka Mwingi, akachovya brashi, akachora moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe cha bafta bila hata mstari wa penseli. Nta ina tabia zake. Ikipoa mapema hukaa juu juu kama mafuta kwenye mchuzi wa jana, rangi ikapenya chini yake. Ikizidi moto hutanuka, na ndege uliyemchora akawa bata. Khalayi aliijua kwa kuinusa tu.

Mbinya alikuwa mtu wa rangi. Unaanza na rangi nyepesi, kitambaa kinachovywa, kinasuuzwa, kinaanikwa kivulini. Khalayi anafunika kwa nta pale panapotakiwa kubaki hivyo, kinarudi kwa Mbinya kwa rangi nzito zaidi, kisha tena kwa Khalayi, mpaka mwisho kinachemshwa kwenye sufuria kubwa, nta inaelea juu, inaenguliwa kwa upawa na kutunzwa kwa kazi nyingine. Hapo ndipo mchoro wote unapojitokeza, pamoja na ile mishipa midogo midogo ambapo nta ilipasuka na rangi ikaingia. Nta ikiwa tayari, Khalayi aligonga ukuta kwa mwiko. Mbinya naye akagonga kumjibu, maana yake maji ya rangi yako tayari. Waume zao walizoea, wakawa wanalala usingizi wa mchana katikati ya kelele hizo.

Baadaye akina mama wengine walijiunga, wakajiita Kikundi cha Umoja. Wengi hawakujua nta wala rangi, lakini walijua kuchota maji, kuanika, na kupika chai. Hakukuwa na mwenyekiti. Hakuna aliyeona upungufu.

Kisha Padri akaja na habari. Parokia ilikuwa inatimiza miaka mingi, Askofu angekuja, na kikundi kimeombwa kutengeneza kitambaa kikubwa cha batiki cha kutundikwa nyuma ya madhabahu. "Na mmoja wenu," akasema Padri, "atamkabidhi Askofu kwa mkono wake. Mpiga picha atakuwepo."

Mbinya alilishika neno la mpiga picha, mengine hakuyasikia. Tangu aolewe, kila picha aliyopigwa alikuwa amebeba mtoto au amesimama nyuma ya kiti cha Muoki. Alijiona amepiga magoti mbele ya Askofu, kitambaa mikononi, na watu wakiulizana ni nani yule, na mwingine akijibu: ni Mbinya, yule wa rangi. Aliitaka picha ile. Aliitaka mpaka akaona haya.

Hapo ndipo Jecinta alipoinuka. Jecinta alikuwa karani wa ofisi moja mjini, mwanamke wa kusoma gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo, na ndiye aliyeandika kumbukumbu za mikutano hata pale ambapo hakukuwa na mkutano.

"Akina mama," akasema, "dunia imebadilika. Siku hizi hakuna mtu kujipea ukubwa. Atakayemkabidhi Askofu lazima awe mwenyekiti, na mwenyekiti lazima achaguliwe."

"Tutachagua nani na wanaojua kazi ni wawili tu?" akauliza Kavutha, aliyekuwa akitokea Machakos na hakupenda maneno mengi.

"Mambo ya kujua kazi ni ya wataalamu, Kavutha. Hii ni uongozi."

Wakabishana kuhusu namna ya kupiga kura. Kura ya siri ilikataliwa, maana mama mmoja alisema ni ya watu wenye siri, na Makongeni hakuna siri, kuta zenyewe mnazijua. Wakakubaliana watumie mlolongo, kama ule uliotumika nchini miaka michache nyuma: wagombea wanasimama mbele, na kila mtu anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Khalayi alipendekezwa na akina mama wa kwao magharibi. Mbinya alipendekezwa na akina mama wa Ukambani. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amejua kwamba kikundi kina upande wa magharibi na upande wa Ukambani. Walidhani kina upande wa bomba na upande wa jiko.

Wakasimama nyuma ya ukumbi wa kanisa. Mbinya aligeuza shingo. Mstari wake ulianzia mgongoni pake na kuishia kabla ya mlango. Wa Khalayi ulipita mlango, ukafika bombani, ukalizunguka bomba kwa kuwa mbele palikuwa na tope. Hata Wakamba kadhaa walikuwemo, akiwemo Kavutha, ambaye baadaye alisema alimfuata Khalayi kwa sababu mtu wa nta ndiye anayeungua mikono.

Jecinta alipanda juu ya kigoda, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarekebisha miwani.

"Mstari wa Mama Lorine umepinda," akatangaza. "Wa Mama Kavinya umenyooka. Kwa mujibu wa katiba, mstari uliopinda ni vurugu. Mshindi ni Mama Kavinya."

"Katiba gani?" sauti nyingi ziliuliza.

"Hii ninayoiandika," akajibu Jecinta.

Mbinya alikuwa na nafasi ya kusema. Mistari aliiona kwa macho yake, na Khalayi alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kushikana mikono. Angesema, "Hapana, Jecinta, mwenzangu ameshinda," na mambo yangeishia pale. Lakini picha ile ilikuwa imeshamkaa machoni. Akatazama viatu vyake. Akanyamaza. Khalayi alimtazama kwa muda, kisha naye akanyamaza.

Usimwone Jecinta mjinga. Mwenyekiti anayejua kwamba hakuchaguliwa humsikiliza katibu wake vizuri sana.

Nyumbani Muoki alipunguza sauti ya redio ili ampongeze mkewe. "Umeshinda kisasa," akamwambia, na Mbinya hakujua kama anamsifu au anamcheka. Kabla ya Jumapili nyingine kikundi kilikuwa kimevunjika. Waliomfuata Khalayi walijiita Umoja Halisi. Waliobaki na Mbinya wakajiita Umoja Asilia. Mali ikagawanywa kwa haki kabisa, mbele ya mashahidi: Halisi wakachukua nta, brashi na sufuria kubwa, Asilia wakachukua rangi, mabeseni na glavu za mpira. Kila upande uliondoka ukiamini umewapunja wenzao. Padri, ambaye aliogopa kuonekana ana chama, alinunua bafta mbili na kutoa moja kwa kila kundi. "Nyote mtatengeneza," akasema, "na Mungu atabariki," kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Basi hebu fikiria kazi ya Asilia. Walikuwa na rangi na hawakuwa na nta, na batiki bila nta ni nguo iliyoanguka kwenye beseni. Kwenye mkutano wa kwanza walikubaliana mchoro uwe njiwa wa amani. Kavutha, ambaye kura yake ilikuwa Halisi lakini nyumba yake ilikuwa karibu na Asilia, alisema amesikia kuna mahali wanatumia uji mzito badala ya nta. Hoja ikapita. Wakapika uji wa unga wa mahindi, wakamchora kwa uji huo njiwa mkubwa mwenye tawi mdomoni, wakaanika kitambaa uani wakaenda kunywa chai. Waliporudi, kuku wa jirani walikuwa wameshamla njiwa, wakabakiza mkia na lile tawi.

Iliitishwa kamati ya kuchunguza kuku. Kamati haikupata ushahidi, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umemezwa.

Wakahamia kwenye rangi, na hapo Mbinya alidhani angalau atakuwa kwake. Alipendekeza waanze na njano nyepesi. Njano ikakataliwa kwa kuwa mtu alisema ni rangi ya wasaliti. Kijani kikakataliwa kwa kuwa kilikuwa cha chama fulani, nyekundu kwa kuwa ilikuwa ya chama kingine, na buluu kwa kuwa shemeji wa mmoja wao alikuwa amefukuzwa polisi, na mama huyo hakutaka kuiona rangi ya sare zao kanisani. Kahawia haikujadiliwa. Ilionekana haina wafuasi. Mkutano ulipofika jioni bila rangi, Jecinta akaleta suluhu. Kila rangi ina wapinzani, akasema, basi ziingie zote kwenye beseni moja, kila moja kijiko sawa, asiwepo aliyeonewa.

"Rangi zikichanganywa zote zinatoka tope," Mbinya akasema kwa sauti ndogo.

"Mwenyekiti, hoja imepita kwa makofi."

"Lakini mimi ndiye ninayejua..."

"Mwenyekiti hapigi kura. Iko kwenye katiba."

Wakachovya. Kitambaa kilitoka na rangi ya maji ya mtaro wa Jogoo Road baada ya mvua. Walikitazama kwa muda mrefu, kila mmoja akiitafuta rangi yake ndani yake, na kila mmoja, akitaka kwenda kupika, alisema ameiona.

Siku zote hizo ukuta haukunyamaza. Mbinya alipokaa chumbani mwake alisikia harufu ya nta ikipita juu ya boriti, ile harufu ya mishumaa na asali. Alisikia brashi ikigongwa kwenye ukingo wa sufuria. Na kila nta ilipokuwa tayari, mwiko uligonga. Mara ya kwanza aliruka kutoka kitini, akashika mwiko wake, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Mwenyekiti wa upande wa pili. Akaurudisha mezani. Alijiambia Khalayi anagonga kwa mazoea tu, kama mtu anayemwita mbwa aliyekufa. Lakini kesho yake uligonga tena, na kesho kutwa, na yeye akakaa akiutazama ukuta mpaka moyo ukamuuma.

Halisi nao walikuwa na taabu zao. Walikuwa na nta, hawakuwa na rangi, na kuomba rangi kwa Asilia ilikuwa ni sawa na kusalimu amri. Khalayi akachora hivyo hivyo, nta nyeupe juu ya bafta nyeupe. Kikundi kilikuwa kimepitisha njiwa wa amani, maana siku zile hakuna aliyeweza kufikiria ndege mwingine. Siku kitambaa kilipokamilika, Mbinya aliweka sikio ukutani na kuwasikia wakikikagua.

"Ona mabawa, ni kama anaruka!"

"Na jicho lake! Linanifuata."

"Mimi nimependa miguu."

Sauti ya Khalayi haikusikika kabisa.

Siku ya Askofu ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje. Wenyeviti wawili waliitwa mbele pamoja, na Mbinya akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji akiwa ameshika kitambaa chake cha tope, karibu na Khalayi aliyeshika kitambaa chake cheupe. Ilikuwa ni mara ya kwanza kukaa karibu tangu ule mlolongo. Mikono ya Khalayi ilikuwa na alama mpya za kuungua. "Mwenyekiti," Khalayi akamsalimu kwa adabu, kama mtu anayesalimia ofisi. Mbinya alitamani bora mwenzake amtukane.

Askofu alikuwa mtu mwema aliyezoea kupewa vitu. Aliinua kile cheupe juu, watu wote wakakiona kuwa cheupe.

"Kitambaa hiki," akasema, "kinatufundisha usafi wa roho. Hakina doa. Hakina hata alama."

Halisi walipiga vigelegele. Askofu akainua cha Asilia. Alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, kisha akakirudisha upande huu.

"Na hiki," akasema hatimaye, "kinatukumbusha kwamba sisi ni mavumbi."

Asilia wakapiga vigelegele zaidi. Mpiga picha akasogea. Mbinya aliinua uso kwa ajili ya ile picha aliyoitaka, na wakati huo huo Jecinta akainama mbele kumwekea Askofu sawa mkunjo wa kitambaa. Taa ikamulika. Kila mtu akarudi kwenye benchi akiwa ameshinda.

Zamu ya kufagia ilikuwa ya Asilia, na Asilia walikuwa wameenda kwenye pilau. Mbinya akabaki na ufagio peke yake. Vitambaa vyote viwili vilikuwa vimetundikwa nyuma ya madhabahu, cha tope ukutani, cheupe mbele ya dirisha. Jua la mchana lilikuwa limeshavuka paa na kuanza kuingia kwa dirisha lile la magharibi. Mahali penye nta, bafta hupitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta. Mbinya aliinua macho kutoka kwenye vumbi akaona mchoro.

Hapakuwa na njiwa. Palikuwa na wanawake wawili wamekaa kwenye vigoda, sufuria moja katikati yao, mvuke ukipanda. Mmoja alikuwa ameshika brashi. Mwingine alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa namna ya kuacha sikio moja nje, kama Mbinya alivyofunga miaka yote kwa kuwa sikio lile hupata joto. Nyuma yao palichorwa nyumba mbili za reli, mabati yake, mlango na mlango. Katikati ya nyumba hizo hapakuwa na ukuta.

Mbinya alikaa chini kwenye ngazi ya madhabahu na kulia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, akashukuru kwamba watu wote walikuwa wanakula. Kisha akafikiri kwamba jua lile litazama, na kesho Padri atakifunga kitambaa kabatini, na hakuna mtu hapa duniani atakayekiona. Bila rangi hakipo. Na mtu wa rangi alikuwa ni yeye.

Akapanda juu ya kiti cha Askofu, akakitungua kile cheupe, akakikunja kwa uangalifu asiivunje nta kupita kiasi, akaondoka nacho chini ya leso.

Nyumbani aliwatoa Muoki na redio yake nje. Hakuitisha kikao. Alichanganya buluu peke yake, buluu nzito, akapima dawa ya kushikisha rangi kwa jicho, akaizamisha bafta mara moja na kuigeuzageuza chini ya maji bila kuikunja. Alipoitoa ilikuwa na sura ya kijani kwanza, kama rangi ile inavyofanya, kisha hewa ikaigusa, buluu ikaanza kutambaa kutoka pembeni kuja katikati, na wale wanawake wawili wakabaki weupe. Alikiacha kikauke kivulini. Kilichobaki ni kukichemsha ili nta itoke, na sufuria ya kutosha kitambaa kile ilikuwa moja tu Makongeni nzima. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mbinya alichukua mwiko. Aliushika muda kidogo. Akagonga.

Ukuta ukajibu.

Khalayi alikuwa ameshawasha jiko Mbinya alipofika. "Karibu, Mwenyekiti."

"Usiniite hivyo."

Khalayi alikipokea kitambaa, akakikunjua, akakitazama kwa muda. "Umetia buluu."

"Ulitaka nitie nini?"

"Ungenipa njano kidogo kwanza, hapa kwenye moto."

"Si ungegonga."

"Nilikuwa nagonga, Mbinya. Kila siku nilikuwa nagonga."

Mbinya akashika ncha moja ya kitambaa. Walikitumbukiza kitambaa kwenye maji yanayochemka, Khalayi akaanza kuengua nta kwa upawa, Mbinya akakishikilia kwa mti kisigande chini. Walifanya hivyo bila kuambiana, kila mkono ukijua pa kwenda.

"Khalayi," akasema Mbinya, "mstari wako ulikuwa mrefu kuliko wangu."

"Najua. Si nilikuwa mbele yake?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Kitambaa kilipotundikwa kwenye kamba ya nguo kati ya milango yao miwili, watu walitoka nje kukitazama. Wanyonyi alikitambua kigoda chake. Muoki alimtambua mkewe kwa sikio. Kavutha alikitazama na kusema neno moja tu, "Haki." Lakini habari zilikuwa zimeshafika kanisani kwamba Usafi wa Roho, uliobarikiwa na Askofu kwa mkono wake, umeibwa na kutumbukizwa kwenye rangi, na tena rangi yenyewe ni buluu.

Kwa mara ya kwanza tangu wagawane, Halisi na Asilia waliketi kwenye kikao kimoja, ndani ya ukumbi wa kanisa. Ukutani, kwenye ubao wa matangazo, picha ya siku ile ilikuwa tayari imebandikwa. Ilimwonyesha Askofu, kitambaa, na Jecinta akitabasamu. Mbinya alionekana mkono na kiwiko tu.

Jecinta alisoma mashtaka. Mama Kavinya amechafua usafi. Amefanya kazi bila kikao. Ameifuta alama ya njiwa, ambayo wengi wanakumbuka vizuri, na kuweka watu wasiojulikana. Mama Lorine aliyeharibiwa kazi yake apewe pole. Je, mwenyekiti afukuzwe au asifukuzwe? Watu wakatoka nje kupanga mstari.

Mstari wa kumfukuza uliwachukua wote. Halisi walisimama nyuma ya Asilia na Asilia nyuma ya Halisi, wakiombana radhi wakikanyagana. Kavutha naye alikuwemo, mkiani kabisa, uso ameugeuzia ukutani. Mstari ule ulipita mlango, ukafika bombani, ukakutana na tope, ukalizunguka bomba na kurudi ulikotoka. Mbinya alisimama peke yake kwenye jua. Alijaribu kutazama mbele tu, maana alijua mtu akitazama nyuma yake pasipo na mtu atalia tena.

Kisha akasikia hatua. Khalayi alikuwa ametoka pale alipowekewa kiti cha mtu wa kupewa pole, akavuka uwanja bila haraka, akaja kusimama nyuma yake. Mbinya alisikia harufu ya asali na mishumaa.

Jecinta alipanda juu ya kigoda. "Kwa makubaliano ya wote," akatangaza, "mstari mrefu umeshinda."

"Jecinta," akasema Mbinya, "hebu angalia tena. Ule wenu umelizunguka bomba. Huu wetu umenyooka."

Watu wakageuka kutazama. Ni kweli ulikuwa umenyooka. Watu wawili hawana namna ya kupinda. Mama mmoja alianza kucheka, mwenzake akamfinya.

Jecinta alirekebisha miwani. "Katiba imefanyiwa marekebisho," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi."

Makofi yakapigwa, mazito, ya watu waliopatana. Jecinta akachaguliwa hapo hapo kuwa mwenyekiti wa Umoja Mpya, na hoja ya kwanza ikapita bila mpinzani: kwa kuwa hakuna anayejua nta wala rangi, nyuma ya madhabahu litundikwe pazia la maua kutoka sokoni, na liitwe batiki ya asili.

Mbinya alikuwa bado amesimama. Alikuwa amepoteza cheo, kikundi na picha, vyote mbele ya watu, na alingojea aibu imfike, lakini ilikuwa inachelewa. Mkono wenye makovu ya kuungua ukamvuta leso.

"Mbinya, twende haraka," Khalayi akasema. "Nimeacha nta jikoni."